Uganda: Je, mwanahisa aweza kulazimishwa kuongeza mtaji?

Chukulia kampuni ya uchapishaji ya ndugu watatu huko Wandegeya, jijini Kampala, inayowahudumia wanafunzi wa Makerere. Mashine imeharibika, fedha zahitajika, na ndugu mmoja agoma kutoa. Je, aweza kulazimishwa?

La. Aliyekwisha kulipia hisa zake zote hadaiwi zaidi, isipokuwa ameridhia mwenyewe. Kampuni inaweza kukopa au kutoa hisa mpya. Hapo ndipo mzozo huzuka, kwani hisa mpya hupunguza uzito wa kura ya asiyechangia.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 inawataka wakurugenzi watende kwa nia njema kwa maslahi ya kampuni, wawatendee wanahisa wote kwa usawa na kuepuka mgongano wa maslahi. Hivyo, mkurugenzi anayeikopesha kampuni fedha zake hana budi kuwaarifu wenzake. Mwanahisa anayeona anakandamizwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Msajili wa Makampuni.

Huko ushahidi ndio utakaoamua: fedha zilizotolewa zilikuwa mkopo au mtaji? Mali bila daftari hupotea bila habari.