Gari Dogo la Shamba: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Ndugu Wanachama,

Katika siku hizi wanachama kadhaa wameiuliza Jumuiya juu ya yale magari madogo ya shamba, yenye viti viwili ubavu kwa ubavu na kitanda cha mizigo nyuma, kama yafaa kwa mashamba yetu ya karafuu au hayafai. Swali hili si dogo. Fedha zinazotajwa ni za mavuno mazima ya mwaka kwa wengi wetu, na mwenye kuzitia mahali pasipofaa hana nafasi ya pili mpaka mikarafuu ipende kuzaa tena sawasawa. Kwa hiyo imeonekana bora jambo hili lielezwe hapa kwa urefu, ili kila mtu apime kwa shamba lake mwenyewe.

Kwanza tutaeleza chombo chenyewe. Pili tutatazama wakulima wa Mkoa wa Singida, kule bara, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakihamisha mazao yao kwa vyombo vya namna mbalimbali, vya wanyama na vya injini. Tatu tutarudi kwenye vilima vyetu.

CHOMBO CHENYEWE

Magari haya si mapya duniani. Kawasaki ya Japani ilitoa la kwake mwaka 1988 na kuliita Mule, yaani baghala, mnyama wa mizigo. John Deere ya Marekani ikafuata na Gator mwanzoni mwa miaka ya tisini, kisha Polaris na wengine. Lina usukani na pedali kama motokaa, injini yake hukaa chini ya kiti au nyuma yake, na upana wake ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo hupita penye njia ambayo pikapu haipiti. Madogo hubeba kama kilo 180 kitandani, na makubwa kilo 450 au zaidi kidogo.

Katika mengi ya magari haya nguvu haiendi magurudumuni kwa gea za kukanyagia klachi, bali kwa mkanda wa mpira unaojibana na kujiachia wenyewe. Jambo hili ni raha kwa dereva, lakini lina masharti yake. Mwenye kupanda kilima na mzigo mzito hapana budi atie gea ya chini, la sivyo mkanda huteleza, ukapata moto na kuungua. Mkanda huo si wa kushonwa na fundi wa mtaani. Hupatikana kwa muuzaji wa spea za gari lile lile, basi.

WENZETU WA SINGIDA

Singida ni nchi ya uwanda wa juu, katikati ya Tanzania, yenye majabali makubwa na miti ya miiba. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili, na sehemu nyingi hupata kiasi cha milimita 600 hadi 700 tu kwa mwaka. Mazao yake yenye jina ni alizeti, vitunguu, mtama na uwele, na asali kutoka upande wa Manyoni na Itigi. Mwenye kupita barabara kuu ya Dodoma kwenda Mwanza huona vinu vya kukamulia alizeti, na mafuta yakiuzwa kando ya njia.

Chombo cha kwanza cha mkulima wa kule ni mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe wawili waliofungwa nira, au na punda. Ng'ombe hao hao hulima shamba mwanzo wa mvua na kuvuta mazao mwisho wake, kwa hiyo mkokoteni haulali. Punda naye hutumwa maji, kuni na magunia. Biashara ya ngozi za punda iliwapunguza wanyama hawa sana barani, hata mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaafikiana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Ni dalili kwamba mnyama wa mizigo bado ni mali, wala si mabaki ya zamani.

Chombo cha pili ni pawatila, yaani lile trekta dogo la magurudumu mawili ambalo dereva hulishika kwa mikono miwili mirefu. Pawatila nyingi ziliingia nchini baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Kwenye udongo uliokauka ukawa mgumu, jembe lake jepesi halizami vizuri. Lakini ukiitia tela nyuma, huwa chombo cha kubebea, polepole lakini kwa mafuta kidogo.

Chombo cha tatu ni guta la injini, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma, ambayo wengine huiita toyo. Injini yake mara nyingi ni ya sentimita za ujazo 150 hadi 300. Fundi wa pikipiki huijua, spea zake zipo katika kila mji, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya gari la viti viwili. Kwa sababu hizo guta limeenea.

Sasa tutazame kwa nini guta limewafaa. Alizeti huvunwa mvua zikisha kukatika, kwa hiyo njia ni kavu. Zao lenyewe hujaza gunia bila ya kuwa zito sana. Sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Penye mbuga za udongo mweusi, ambao ukinywa maji hunata kama ulimbo, mkulima hungoja pakauke, au hurudi kwa ng'ombe wake. Kwa ufupi, guta limefaa kwa kuwa majira ya mavuno na majira ya njia kavu ni mamoja.

HALI YETU SISI

Ndugu Wanachama, kwetu mambo hayo hayakupangika hivyo. Pemba ni vilima na mabonde, na mvua yake ni zaidi ya maradufu ya ile ya Singida. Karafuu huanza kuchumwa kwenye Julai, lakini mara nyingi kazi huendelea mpaka vuli imeingia, na hapo udongo mwekundu wa miteremko huwa kama sabuni. Basi chombo kilichosifiwa na mtu wa Singida kwa haki kabisa, chaweza kumtia mtu wa Pemba mtaroni.

Tena sisi tuna safari za aina mbili, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yote haya.

Safari ya kwanza ni ya karafuu mbichi, kutoka chini ya mti mpaka penye kuanikia. Hii ni ya kila jioni, ni fupi, njia yake ni ya shambani, na haingoji. Karafuu mbichi zikirundikwa usiku kucha hupata joto, zikageuka rangi na kushuka daraja. Safari ya pili ni ya karafuu kavu, kutoka nyumbani mpaka kituo cha kuuzia. Hii ni ya mara chache, ni ndefu, hupita barabara kuu, na yaweza kungoja siku mbili tatu bila ya hasara, madhali gunia limewekwa pakavu.

Uzito nao watofautiana. Kwa kukisia, kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kilo moja kavu. Mwenye kutarajia magunia kumi makavu ya kilo 50, yaani kilo 500, ajue kwamba atakuwa amebeba kiasi cha kilo 1,500 za mbichi ndani ya shamba, lakini kidogo kidogo, kwa siku nyingi.

Gari la viti viwili lafaa hasa kwa safari ya kwanza. Halikuundwa kwa barabara ya lami, na watengenezaji wenyewe huonya hivyo, kwani matairi yake ni mapana yenye upepo kidogo, na kona za mwendo wa kasi si kazi yake. Anayenunua kwa nia ya kwenda nalo Chake Chake au Wete kila wiki amenunua kitu kingine kuliko alichokusudia. Kwa safari ya pili, gari la ng'ombe au la kukodi latosha.

KUPINDUKA

Hapa twaomba msomaji asiharakishe. Mwaka 2009 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ilitangaza kwamba aina tatu za gari la Yamaha Rhino, 450, 660 na 700, zirudishwe zitengenezwe bure. Tume ilichunguza matukio zaidi ya 50, na watu 46 walikuwa wamekufa. Zaidi ya thuluthi mbili ya matukio hayo ni ya kupinduka, na wengi waliopatwa hawakufunga mikanda. Tena nyingi katika ajali za kupinduka zilionekana kutokea penye kona, kwa mwendo usio mkubwa, juu ya ardhi ya usawa. Matengenezo yalikuwa kuyatanua magurudumu ya nyuma kwa vipande vya chuma na kuondoa kile chuma cha kuzuia kuyumba.

Ikiwa mambo yalikuwa hayo penye usawa, itakuwaje penye mteremko? Kwa hiyo lisinunuliwe gari lisilo na fremu ya chuma ya kukinga vichwa na mikanda ya viti. Asipandishwe mchumaji kitandani juu ya magunia, hata akisema mwenyewe kwamba hana neno. Mteremko upandwe na ushukwe moja kwa moja, wala usikatwe kwa ubavu. Magunia yapangwe chini, yafungwe kamba, yasirundikwe yakapita urefu wa kiti.

Guta nalo lina hatari yake. Gurudumu lake la mbele ni moja tu, na ukikata kona huku ukishuka, mzigo hulisukuma likalala. Pawatila ina hatari ambayo wengi hawaijui mpaka iwakute. Penye usawa ukibana mkono wa kushoto, huenda kushoto. Lakini ikishuka kilima na tela lenye mzigo likiisukuma, ukibana wa kushoto yaweza kwenda kulia, kwa kuwa lile gurudumu ulilolifungua ndilo hukimbia. Dereva afundishwe jambo hili kabla ya mvua ya kwanza.

HESABU

Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Tuseme gari limefika mikononi mwako, pamoja na nauli na ushuru, kwa shilingi milioni 30, na tuseme litadumu miaka 10. Hapo kila mwaka lakula milioni tatu, kabla ya petroli, mkanda na tairi. Likifanya kazi siku 60 kwa mwaka, kila siku ni shilingi 50,000. Lakini mikarafuu, kama tujuavyo, haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa uhaba, gari likifanya kazi siku 20 tu, kila siku ni shilingi 150,000. Kila mmoja aweke tarakimu zake mahali pa hizi, kisha alinganishe na ujira wa gari la ng'ombe la kijijini kwake.

Mwenye kazi nyingine za mwaka mzima, kama kubeba samadi, miche, maji, ndizi na nazi, hesabu yake itakuwa nyepesi zaidi. Ni kama ng'ombe wa Singida anayelima kisha akavuta. Chombo cha kazi moja ni chombo ghali.

Wengine watasema, tununue watu watatu kwa shirika. Shauri hili ni jema kwa karafuu kavu, kwa kuwa zaweza kungoja zamu. Kwa karafuu mbichi ni gumu, kwani wote watatu watalitaka gari jioni ile ile. Wenye nia hiyo waandikiane zamu, mafuta na matengenezo kabla ya kutoa fedha, si baada yake.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Mkanda, chujio na tairi zapatikana Unguja au Pemba, au mpaka ziagizwe? Nani atakayelitengeneza likiharibika katikati ya mavuno? Magurudumu yote manne yavuta? Likishuka kilima bila ya kukanyaga mafuta, injini hulizuia, au hujiachia likategemea breki peke yake? Sehemu ya chini imekingwa vipi na kutu, kwa kuwa hewa yetu ni ya chumvi? Halafu ombeni kulijaribu likiwa na mzigo kamili, juu ya kilima, siku ambayo udongo una maji. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha kujibu.

SHAURI LA JUMUIYA

Mwenye mikarafuu michache, na njia fupi, abaki na gari la ng'ombe, wala asione haya. Mwenye shamba la usawa na barabara kavu aangalie guta, kwa uangalifu tuliousema. Mwenye shamba kubwa la miteremko, lenye kazi mwaka mzima, huyo ndiye anayeweza kulifikiria gari la viti viwili.

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama mwenye nia anaombwa aandike kwenye daftari, kwa muda wa wiki mbili za uchumaji, safari zake zote za mbichi na za kavu: ngapi, umbali gani, uzito gani, na njia ilikuwa kavu au mbichi. Daftari hizo zitasomwa pamoja mkutanoni, na hapo ndipo itakapojulikana kama kuna haja ya Jumuiya kumwita muuzaji alete chombo kijaribiwe kwenye vilima vyetu wenyewe, mbele ya macho yetu.

Wenu,
Katibu