Wahariri, Wafasiri na Wasomaji wa Pili: Kazi ya Jarida la Jalada

1. Utangulizi

Jarida la fasihi hujulikana kwa majina ya watungaji wake. Msomaji alifunguapo humtafuta mshairi ampendaye au msimulizi aliyesifiwa na wenzake, na ni nadra kuuliza ni nani aliyeipokea hati ile, ni nani aliyemrudishia mwandishi wake airekebishe, na ni nani aliyekesha akiondoa makosa ya chapa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza watu hao wasiotajwa, kwa kulitazama jarida moja lililotoka katika intaneti na lililoanzia Nairobi, yaani Jalada. Jarida hili limechaguliwa kwa sababu wahariri wake walijitwika kazi ambayo wahariri wa zamani wa Afrika Mashariki hawakuitwa kuifanya: kutoa maandishi katika lugha ambazo wao wenyewe hawakuweza kuzisoma. Jambo hilo linazihusu moja kwa moja idara za lugha za Kiafrika, kama itakavyoonekana.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili, jalada ni ganda la kitabu, nalo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi, kwa kuwa vitabu vya kale vilivikwa ngozi. Neno jarida, ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, latofautiana nalo kwa sauti mbili tu. Kundi la waandishi lililotoa kazi zake bila karatasi wala gundi lilijipa jina la kile hasa ambacho halikuwa nacho. Hata hivyo jina halikukosea, kwani kazi ya jalada ni kuzishika pamoja kurasa ambazo bila ya hilo zingetawanyika.

2. Majarida yaliyotangulia

Jalada halikuzuka pasipo wazazi. Chuo cha Makerere kilikuwa na Penpoint tangu mwaka 1958. Mwaka 1961 Rajat Neogy alianzisha Transition mjini Kampala. Dar es Salaam ikapata Darlite mwaka 1966, na Nairobi ikawa na Busara. Majarida hayo yaliwalea waandishi wengi mashuhuri, lakini karibu yote yalitumia Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili, gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa limekwisha kuwapa washairi uwanja kwa miaka mingi. Njia hizi mbili zilikwenda sambamba bila ya kukutana: msomaji wa moja hakuwa lazima msomaji wa nyingine, na mhariri wa moja hakuhitaji kumjua mhariri wa nyingine.

Mwaka 1994 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa Marekani, alianzisha Mũtiiri, jarida la lugha ya Kikuyu. Hapo lugha ya jarida na lugha ya mhariri zilikuwa moja, na mhariri aliweza kupima kila sentensi kwa sikio lake mwenyewe. Kisha mwaka 2003 likatokea jarida la Kwani? mjini Nairobi. Mwanzilishi wake, Binyavanga Wainaina, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa amepata Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa maandishi yaliyotolewa kwanza katika jarida la intaneti. Tukio hilo lilikuwa na uzito wake. Lilionyesha kwamba maandishi yasiyopata kuchapwa karatasini yaweza kuhesabiwa fasihi sawasawa na mengine, na kwamba kijana asiye na mchapishaji hakosi pa kuanzia.

Jalada lilizaliwa mwaka 2013, baada ya semina ya uandishi iliyofanyika Nairobi kwa ushirikiano wa shirika la Kwani, British Council na jarida la Granta, na iliyoongozwa na mhariri Ellah Wakatama Allfrey. Vijana walioshiriki hawakutaka semina iishe kama zinavyoisha semina nyingi, kwa kupeana anwani na kuagana. Waliunda ushirika wa waandishi, wakakubaliana kusomeana hati na kuzitoa wenyewe. Mkusanyiko wao wa kwanza ulitoka Januari 2014, nao ulihaririwa na Okwiri Oduor, ambaye mwaka huohuo alipata Tuzo ya Caine. Moses Kilolo ndiye aliyekuwa mhariri mtendaji. Katika kundi kama hilo mtu yuleyule huwa mtungaji leo, mhariri kesho, na keshokutwa mtu wa kupanga maandishi katika tovuti.

3. Toleo la tafsiri la mwaka 2016

Mwaka 2015 Jalada lilitoa toleo lililohusu lugha, lenye maandishi ya lugha kadhaa za Kiafrika. Mwezi wa Machi 2016 likafuata toleo la tafsiri. Msingi wake ulikuwa hadithi fupi moja ya Ngũgĩ aliyoiandika kwa Kikuyu, Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, na ambayo mwenyewe aliifasiri kwa Kiingereza kwa jina la The Upright Revolution. Ni ngano inayoeleza sababu ya binadamu kutembea wima. Zamani, yasema ngano hiyo, binadamu alitembea kwa miguu na mikono. Viungo vikaingiwa na husuda, vikashindana, na mwisho vikatambua kwamba kila kimoja chamhitaji mwenziwe. Toleo lilipotoka, hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kufasiriwa katika lugha zaidi ya 30, na kazi ikaendelea katika miaka iliyofuata hata idadi ikafikia lugha 100 hivi. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025 akiiacha hadithi hiyo miongoni mwa hadithi fupi za Kiafrika zilizofasiriwa katika lugha nyingi kupita zote.

Hesabu hiyo imetajwa mara nyingi kwa fahari, na fahari hiyo ni halali. Lakini msomi wa lugha hana budi kuuliza swali lililo nyuma ya hesabu. Hapana mhariri mmoja, wala kundi la wahariri kumi, awezaye kusoma lugha 30 kwa ufasaha wa kutosha kuzihariri. Je, mhariri huyo amehariri nini? Ukweli ni kwamba kazi yake imebadilika. Hapimi tena sentensi, bali anapima watu: anamtafuta mfasiri anayeaminika, anamtafuta mtu wa pili mwenye lugha hiyo wa kuisoma tafsiri, anawapatanisha wawili hao wakitofautiana, na anahakikisha kwamba herufi zitaonekana katika tovuti kama zilivyoandikwa. Jambo hili la mwisho si dogo. Kikuyu na Kikamba zina irabu zinazoandikwa kwa alama juu yake, na Kiyoruba kina alama juu na chini ya herufi. Alama hizo zikiondolewa na mashine, neno laweza kugeuka neno jingine, na mhariri asiyeijua lugha hataona kasoro yoyote.

4. Njia ya Kiingereza na hasara zake

Aghalabu mfasiri hakukijua Kikuyu, na kwa hiyo ilimbidi aanzie tafsiri ya Kiingereza au lugha nyingine ya kati. Hakuna ubaya katika jambo hilo likifanywa kwa uwazi, hasa kwa kuwa Kiingereza hicho ni cha mtungaji mwenyewe. Walakini kuna mambo ambayo hayavuki daraja hilo. Mifano miwili yatosha.

Mfano wa kwanza ni wa neno la kwanza la anwani. Ituĩka katika mila ya Wakikuyu ni sherehe ya rika moja kulikabidhi rika jingine madaraka ya nchi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alilieleza pia kama tukio la watu kuuondoa utawala wa kimabavu na kuweka baraza mahali pake. Kwa hiyo neno hilo lina sura mbili, kuvunja na kukabidhi. Mfasiri wa Kiswahili anayeanzia neno la Kiingereza ataelekea mara moja kwenye mapinduzi, neno ambalo katika masikio ya Waswahili halitengani na Zanzibar ya mwaka 1964. Neno hilo si kosa. Lakini mapinduzi hupindua, wala hayana ndani yake kijiti kinachopokezanwa. Aliyekutana na neno la Kikuyu angalau angesita, na kusita huko ndiko kunakomfanya mfasiri atafute maelezo, au achague neno jingine, au aliache neno la Kikuyu lisimame lilivyo.

Mfano wa pili ni wa ngeli. Katika Kikuyu, mkono ni guoko na mguu ni kũgũrũ, nayo maneno haya mawili yamo katika ngeli moja, na katika wingi, moko na magũrũ, yamo vilevile katika ngeli moja. Katika Kiswahili, mkono na mguu pia ni wa ngeli moja, ingawa si ileile ya Kikuyu. Wapinzani wa ngano hii, basi, ni ndugu wa kisarufi katika lugha zote mbili. Wanavaa viambishi vinavyofanana, na msikilizaji anausikia udugu huo hata wanapogombana. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Aidha latokea swali ambalo kila mfasiri wa Kiswahili lazima alijibu kabla ya kuandika sentensi ya pili: viungo vinavyosema na kuoneana wivu vitafuata upatanisho gani? Je, mikono ilisema au mikono walisema? Wanyama katika Kiswahili huchukua a- na wa- bila ya taabu, lakini viungo vya mwili havina desturi iliyokwisha kukaa. Mfasiri akichagua upatanisho wa ngeli, viungo vitabaki vitu vyenye sauti; akichagua upatanisho wa watu, vitakuwa watu wenye sura za viungo. Hizo ni ngano mbili tofauti. Kikuyu kimekwisha kulitatua tatizo hili kwa njia yake, lakini suluhisho hilo halionekani kwa mtu anayetazama kupitia Kiingereza.

5. Nafasi ya msomaji wa pili

Kutokana na mifano hii yaonekana kwamba mtu muhimu zaidi katika jarida la lugha nyingi ni msomaji wa pili. Mtungaji anajulikana, mfasiri hutajwa chini ya kazi yake, na mhariri mtendaji huhojiwa na magazeti. Msomaji wa pili hana jina popote, ilhali yeye ndiye anayesema kwamba neno hili si la lugha yetu, au kwamba sentensi hii ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wengi wa watu hao wamefanya kazi kwa kujitolea, usiku, baada ya kazi inayowapa chakula. Mtu wa namna hiyo akichoka hapatikani mwingine kwa urahisi, na katika lugha zenye wasemaji wachache huenda akawa ni yeye peke yake aliye na ujuzi na nafasi.

Hapa ndipo idara za vyuo vikuu zinapoguswa. Walimu wa isimu na fasihi wana kile hasa ambacho vijana hawa wanakikosa: kamusi za miswada, wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, na mazoea ya kubishana juu ya neno moja hadi kieleweke. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya ngeli za lugha yake angeweza kuwa msomaji wa pili wa hadithi moja, na kazi hiyo ikahesabiwa katika masomo yake. Kwa desturi, hata hivyo, mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala, si kwa kuihariri ngano iliyomo katika tovuti ya vijana. Matokeo yake ni kwamba wenye ujuzi hawana sababu ya kusaidia, na wenye ari hawana wa kumwuliza.

Lipo pia suala la kuhifadhi. Nakala ya Busara ya miaka zaidi ya 50 yaweza kukutwa leo katika rafu ya maktaba, imejaa vumbi lakini ikisomeka. Tovuti haina vumbi, lakini ada yake isipolipwa kurasa zake zaweza kutoweka kwa siku moja, na tafsiri ya lugha ambayo pengine haina hadithi nyingine yoyote iliyoandikwa ikatoweka pamoja nazo. Kuweka nakala za maandishi hayo katika maktaba ya idara ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo.

6. Hitimisho

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ngano ya Ngũgĩ yasema karibu neno hilohilo kwa urefu zaidi. Jalada lilionyesha kwamba kundi dogo la waandishi laweza, bila ya mtaji wala mtambo wa kuchapia, kuziweka lugha nyingi za Afrika katika jarida moja na kuzipa heshima sawa. Lilionyesha vilevile mahali kazi hiyo inapopungukiwa, nako ni kwa watu wa kuzisoma tafsiri kwa makini katika lugha zenyewe. Upungufu huo si wa vijana walioanza. Ni wa wale waliosomea lugha hizo na kulipwa kwa kuzifundisha, nao ndio wanaosubiriwa.