Anayelipa Si Mfungwa

Katika magereza ya serikali kuu ya Marekani, mfungwa anayefagia kumbi au kuosha vyombo jikoni hulipwa senti 12 hadi 40 za dola kwa saa. Katika magereza ya jimbo la Texas, kazi kama hizo kwa kawaida hazilipwi kabisa. Huku nyuma sabuni ya maana, dawa ya kichwa na chakula cha kujazilizia mlo usioshibisha vinauzwa kwenye duka la gereza, na duka hilo linakata kwenye akaunti ya mfungwa. Mwaka 2016 mtafiti Michael Gibson-Light alieleza jinsi tambi za paketi, zile ambazo wengi wetu tunaziita indomie, zilivyoipiku tumbaku kama sarafu ya wafungwa katika gereza alilolichunguza, kwa kuwa chakula kilikuwa kimepungua na kushuka ubora. Pengo kati ya ujira na duka linazibwa na mtu wa nje: mama, mke, dada, pengine jamaa aliyehamia huko kutoka kwetu. Ada anayokatwa mtu huyu kwa kutuma fedha huitwa bei ya huduma. Mimi naiona kuwa kodi, tena ya kumtoza asiye na kosa, na ambayo hakuna bunge lililoijadili.

Tazama mambo yanavyokwenda. Anayemtumia mfungwa wa serikali kuu anaweza kwenda kwa wakala wa Western Union au MoneyGram, akaandika namba ya mfungwa yenye tarakimu 8 ikifuatiwa na jina lake la ukoo, akalipa ada, na fedha zikaingia baada ya saa chache. Au anunue hawala ya posta na kuituma Des Moines, Iowa, hata kama mfungwa mwenyewe yuko California. Njia hii haina ada ya kampuni, ila ni ya polepole, na bahasha isiwe na kitu kingine chochote. Barua ya mtoto ikitiwa humo haitamfikia baba yake. Magereza mengi ya majimbo yamezikabidhi kazi hizi kampuni binafsi kama JPay, iliyonunuliwa mwaka 2015 na Securus, kampuni ya simu za magerezani. Anayechagua kampuni ni gereza, anayelipa ni familia, na katika mikataba mingi ya namna hii gereza au serikali yake imekuwa ikipata kamisheni. Kwa nini basi itafute bei nafuu? Na mwenye kidogo ndiye anayeumia zaidi. Tuseme ada ni dola 4: kwa anayetuma dola 200 ni asilimia 2, kwa anayetuma dola 20 ni asilimia 20, na hapo hata sabuni haijanunuliwa.

Watanzania wanaikumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021. Watu walilalamika, na kabla miezi miwili haijatimia serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Aliyekasirika zaidi aliweza kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Familia ya mfungwa haina basi la kukimbilia.

Watetezi wa mfumo huu husema ada inagharamia usalama: lazima ijulikane nani anatuma, fedha za dawa za kulevya zisipenye. Ukaguzi ni wa lazima, sikatai, lakini hawala za posta nazo hukaguliwa bila kampuni kuchukua chake. Isitoshe, mwaka 2021 shirika la serikali linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha liliiagiza JPay irudishe dola milioni 4 na kulipa faini ya milioni 2, kwa sababu watu waliomaliza vifungo walikabidhiwa fedha zao wenyewe ndani ya kadi zenye makato, bila kuulizwa. Hapo usalama gani ulilindwa?

Hoja nzito zaidi ni ya waliotendewa uhalifu. California hukata nusu ya fedha anazotumiwa mfungwa anayedaiwa fidia. Hapa nasita, maana mama analipa deni la mwanawe. Lakini walau deni linapungua na aliyeumizwa anapata kitu. Ada ya kampuni haipunguzi deni la mtu yeyote.

Wengine huuliza kwa nini mlipakodi abebe mzigo huu. Kwa upande wa simu, Connecticut ilijibu mwaka 2021 kwa kupitisha sheria ya simu za bure magerezani, na California ikafuata. Gharama ikahamia kwenye bajeti, mahali ambapo wabunge hulazimika kuitetea hadharani. Kitaifa safari imekuwa ndefu. Martha Wright, bibi wa Washington aliyefungua kesi mwaka 2000 kuhusu gharama za kuzungumza kwa simu na mjukuu wake aliyefungwa, alifariki mwaka 2015. Sheria yenye jina lake ilisainiwa Januari 2023. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano iliweka ukomo mpya wa bei za simu, na mwaka uliofuata ikaahirisha utekelezaji wake. Hata hivyo sheria hiyo ni ya mawasiliano tu. Ada ya kuingiza fedha kwenye akaunti ya duka la gereza haimo.