Taa ya Mvuvi wa Ujiji na Siasa za Mafuta

Sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tumezoea kuzijua habari za vita vya mbali kwa njia ya bei. Hatuna bahari, wala hatuna kisima cha mafuta. Mafuta ya mashine zetu hushushwa Dar es Salaam, yakapanda reli ama malori, yakakata zaidi ya kilomita 1,200, ndipo yakafika Kigoma. Na kila mkono ulioyapokea njiani umekwisha chukua chake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo, hatuitazami bei ya Dar es Salaam. Tunautafuta mstari wetu, na aghalabu tunaukuta uko juu kuliko ule wa pwani.

Tunaandika haya tukiwakusudia wakuu wa Serikali, na pamoja nao ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao hawahitaji kufundishwa maana ya kuishi mwishoni mwa waya. Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya waya wa chini ya bahari kukatika huduma yake. Kigoma nayo ilikuwa kisiwa cha umeme, ingawa imezungukwa na nchi kavu pande tatu. Gridi ya Taifa haikutufikia kwa miaka yote ya Uhuru hadi Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru mkoa wetu na majenereta ya dizeli yakaanza kuzimwa. Kabla ya hapo kila taa ya mjini ilikuwa inachoma mafuta ya kununuliwa ng'ambo. Na kwa kuwa bei ya uniti ni moja nchi nzima, hasara ya kutuwashia sisi ilibebwa na Shirika, yaani na Taifa zima.

Tuanze na karabai. Dagaa huvuliwa usiku wa giza la mwezi, na mvuvi huwaita kwa mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka katika taa za pampu zilizoning'inizwa kwenye mitumbwi, na ukisimama Ujiji ama Kibirizi usiku ungeona kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Taa zile zilikunywa mafuta ya taa. Oktoba 1973 vita vilipozuka kati ya Israel na nchi za Kiarabu, pipa la mafuta ghafi lilikuwa halijafika dola 3. Ilipofika Januari 1974 lilikuwa limepita dola 11. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizovunja uhusiano na Israel mwezi ule ule wa Oktoba, kwa kuamini haki ya Wapalestina. Hata hivyo Afrika ilipoomba iuziwe mafuta kwa bei nafuu, haikupata bei hiyo. Ilipewa misaada na mikopo. Udugu ulikuwapo, na bei ikawapo vile vile. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yalipoipandisha bei mara ya pili, nchi yetu ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na hazina yake ilikuwa tupu.

Tena katika miaka hiyo hiyo ya 1970, meli yetu kongwe MV Liemba, iliyokuwa ikienda kwa mvuke tangu Wajerumani walipoishusha ziwani mwaka 1915, iling'olewa mitambo yake na kuwekewa ya dizeli. Hatuwalaumu mafundi, kwani mitambo ya mvuke ilikwisha choka. Lakini hesabu za safari za Liemba nazo tangu hapo zikaingia mikononi mwa watu wa Ghuba.

Asidhani mtu kwamba sisi tumekuwa wa kuonewa tu katika mchezo huu. Siku moja bomba lilikuwa mkononi mwetu. Nguvu ya silaha hiyo tulikuwa tunaijua zamani: Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilijikuta imekatiwa njia ya mafuta, na jibu la nchi mbili hizi likawa bomba la TAZAMA, kilomita zipatazo 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968. Basi Julai 25, 1996, Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi kwa nguvu, wakuu wa nchi za eneo hili walikutana Arusha, na Julai 31 wakaafikiana kuiwekea Burundi vikwazo. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi. Miongoni mwa vilivyozuiwa ni mafuta, na mlango mmojawapo wa mafuta ya Burundi ulikuwa bandari ya Kigoma.

Madhumuni yalikuwa mema, nasi tuliyaunga mkono: serikali ya mtutu isizoee kukaa. Lakini maadamu tunataka kusema kweli, tuyaseme na tuliyoyaona mwaloni. Meli za mizigo zilifunga kamba gatini, na makuli wa bandari wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mafuta hayakuacha kwenda Bujumbura. Yaliacha kwenda mchana. Yalikwenda kwa madumu, ndani ya mitumbwi, kwa bei ya mwenye kuthubutu, na faida ikaangukia wafanyabiashara walio karibu na wenye bunduki, wale wale waliokusudiwa kubanwa. Mgonjwa wa kule aliyehitaji gari la kumfikisha hospitali ndiye aliyelipa. Aprili 1997 vikwazo vililegezwa, na Januari 1999 vikasimamishwa. Ile njia ya madumu, hata hivyo, haikusimama. Katika miaka ya karibuni Burundi imepungukiwa fedha za kigeni, magari yakapanga foleni Bujumbura, na petroli ya Kigoma ikafuata mkondo ule ule wa giza. Afisa wa forodha anayekamata madumu hayo anatimiza wajibu wake. Lakini afahamu kwamba anapambana na tofauti ya bei, na tofauti ya bei haina usingizi.

Liko pia suala la fedha za kujengea umeme, nalo linawahusu ndugu zetu wa Visiwani moja kwa moja. Mwaka 2008 Marekani, kupitia shirika lake la MCC, ilikubali kutupatia msaada wa dola zipatazo milioni 698. Humo ulikuwamo mradi wa maporomoko ya Mto Malagarasi, hapa Kigoma, na waya mpya wa Unguja. Wa Unguja ulikamilika mwaka 2013, megawati 100. Wetu uliondolewa, kwa kuwa wataalamu waliona mto ule una viumbe adimu ambao wangedhurika. Hatuwadharau viumbe wa Mwenyezi Mungu; twasema tu kwamba dizeli iliendelea kuungua. Msaada wa pili, dola zipatazo milioni 472 za umeme, ulisimamishwa Machi 2016 kwa sababu iliyotajwa ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mitandao. Hatuandiki leo kuuhukumu uchaguzi ule. Tunataka msomaji aone jinsi jambo la Unguja lilivyoweza kuugusa umeme wa bara, kwa uamuzi uliopitishwa Washington. Malagarasi ikaja kupata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2020, safari hii kwa mradi wa megawati 49.5.

Urusi ilipoivamia Ukraine, Februari 2022, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni, na bado Agosti lita ya petroli ilikwisha pita shilingi 3,400 Dar es Salaam kwenyewe; seuze kwetu. Juni 2025 Israel na Iran zilipopigana siku 12, dunia nzima iliutazama Mlango wa Hormuz, ambamo hupita takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yatumiwayo duniani.

Kuna atakayesema kwamba sasa tunayo Gridi, tunalo bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na wavuvi wengi wameacha karabai wakachukua taa za betri na za jua. Alhamdulillahi. Lakini na tuigeuze taa hiyo tuisome nyuma: imetengenezwa China, nchi inayoshika zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kuunda paneli za jua duniani. Betri zipendwazo zaidi sasa zinahitaji litiamu; na litiamu nyingi mno imelala Manono, katika Jimbo la Tanganyika, ambalo makao yake makuu ni Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu. Manono imekwisha gombaniwa na kampuni ya Australia na ya China, na mwaka 2025 kampuni ya Marekani nayo ikaingia. Marekani na Ulaya zinaisukuma reli ya Lobito, Angola, ili madini ya Kongo yatokee Atlantiki. China imejifunga kuifufua TAZARA. Nasi tulitia saini, Desemba 2022, mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma.

Huenda basi udongo ule ukavuka ziwa hili, ukapakiwa hapa, ukaenda China, ukarudi Kibirizi katika umbo la taa, na mvuvi akainunua kwa bei ambayo hakuulizwa. Wakuu wetu wa Bandari, wa Reli na wa Mkoa tunawauliza mapema, kabla behewa la kwanza halijafika: je, tozo ya tani moja ya madini hayo katika gati la Kigoma imekwisha zungumzwa na wenzetu wa Kalemie? Na matangi ya mafuta yaliyopo hapa yanaweza kuukidhi mkoa kwa siku ngapi, endapo meli zitachelewa Hormuz?