Tezi Dume: Kweli au Maneno ya Kijiweni?

Mwanamume akikaribia miaka 50, hakosi wa kumpa ushauri kuhusu tezi dume. Kiungo hiki kidogo kiko chini ya kibofu, kimeuzunguka mrija wa mkojo, na hutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mengi yanayosemwa juu yake huwachelewesha wanaume kufika hospitali. Tuyapime moja baada ya jingine.

1. "Tezi ikikua, hiyo ni saratani."
SI KWELI. Tezi hukua kadiri umri unavyosonga. Kufikia miaka 60, takriban nusu ya wanaume tezi zao zimeshaanza kukua. Ukuaji huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Shida yake ni kuubana mrija: mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa nguvu ndogo, na usiku unaamka mara kwa mara. Zipo dawa za kulegeza misuli ya eneo hilo, na upo upasuaji unaopitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo.

2. "Nakojoa vizuri, kwa hiyo sina saratani."
SI KWELI, na uongo huu unaua. Mara nyingi saratani huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, ikakaa miaka bila dalili. Wapo wanaogundua kwa maumivu ya mgongo au nyonga, wakati imeshafika kwenye mifupa. Hata aliyefanyiwa upasuaji wa tezi iliyokua aendelee kufuatiliwa, kwa kuwa sehemu ile ya nje hubaki.

3. "Kupimwa ni kuingizwa kidole tu."
SI KWELI. Kipimo kikuu cha kuanzia ni cha damu, kiitwacho PSA. Daktari akiona haja ya kuipapasa tezi, huomba ridhaa yako, huvaa glavu, na kazi huisha haraka. Uanaume haupungui hata chembe.

4. "PSA ikipanda, tayari ni saratani."
SI KWELI. PSA hupanda pia kwa sababu ya tezi kukua, maambukizi, kumwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kipimo, au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua kinyama na kukichunguza maabara.

5. "Vidonge vya vitamini huikinga tezi."
SI KWELI. Utafiti uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000, wengi wao Marekani, ulijaribu vitamini E na seleniamu. Vidonge vilisitishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida, na matokeo ya 2011 yakaonyesha kuwa waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Weka fedha yako kwenye chakula bora, fanya mazoezi, punguza kitambi, acha sigara.

6. "Ugonjwa wa baba unaweza kunihusu."
KWELI. Baba au kaka akiugua saratani hii, hatari yako huongezeka takriban mara mbili. Wanaume wenye asili ya Afrika nao wana hatari kubwa zaidi. Wenye hatari hiyo wazungumze na daktari kuhusu kupima wakiwa na miaka 40 hadi 45. Wengine wasivuke 50.

7. "Ukiipata, umekwisha."
SI KWELI. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligundulika mwaka 1997. Alifariki 2021 akiwa na miaka 90. Baadhi ya saratani hizi hukua polepole kiasi kwamba daktari hufuatilia tu.

Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukaziba kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama huna dalili yoyote lakini umri umefika, usisubiri zije: muulize daktari kuhusu PSA, na umwambie kaka yako naye akaulize.