Mashabiki wa Anime: Jumuiya Iliyojengwa na Wafasiri

Wengi hudhani kwamba jumuiya za mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, zilizaliwa na intaneti. Mimi, kama mwanafunzi wa lugha, naona zilizaliwa na hamu ya kuelewa.

Mwaka 1977, huko Los Angeles, Fred Patten na wenzake walianzisha chama cha mashabiki, Cartoon/Fantasy Organization. Enzi hizo za kanda za video, mashabiki walitazama anime kwa Kijapani bila tafsiri. Aliyejua hadithi aliwaeleza wengine, au waligawana karatasi za muhtasari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walianza kutumia kompyuta kuandika tafsiri chini ya picha, na kanda zikapita mkono kwa mkono. Intaneti ilikuja kuharakisha kazi ambayo tayari ilikuwapo.

Kwetu Kongo anime ilipita mlango wa Kifaransa. Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi iliitwa Olive et Tom Ufaransa mwaka 1988, na Tsubasa mwenyewe akawa Olivier. Pale Boga, mwenye Kifaransa cha shule hufuata maneno. Mdogo wake hufuata mpira tu, mpaka mkubwa amweleze. Mkubwa huyo anafanya kazi ileile ya mashabiki wa Los Angeles.

Majirani zetu wameifanya kazi hiyo kuwa ufundi. Tanzania, Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya yupo DJ Afro. Uganda, ng'ambo ya Semliki, VJ Jingo hutumia Kiganda. Wasimulizi hawa hawafuati neno kwa neno. Huongeza mzaha na kufafanua desturi ngeni, hata mtazamaji humpenda msimulizi kama anavyompenda mwigizaji.

Kwa hiyo, mtu akisema kwamba Kiswahili hakina mashabiki wa anime, mimi nasema wapo, ila wanakosa mfasiri. Na lugha yetu ina akiba ya kutosha. Chukua neno senpai, ambalo Mjapani humwitia aliyemtangulia shuleni. Kifaransa hulipatia kisawe kwa shida. Sisi tuna yaya, tunayemwita kila siku kwa heshima na upendo, hata asiye wa tumbo moja.

Tukiliacha jambo hili, mtoto asiyejua Kifaransa ataendelea kuamini kwamba hadithi nzuri ni za wenye lugha nyingine. Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kuanza na kipindi kimoja tu, tukisimulie kwa Kiswahili cha Ituri.