Mgeni Aliyeandika Safari Yetu ya Uhuru

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu msomaji, pengine hukupata kulisikia jina la Bibi Sophia Mustafa, ambaye methali hiyo yamstahili.

Alizaliwa India mwaka 1922, akalelewa Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akahamia Tanganyika pamoja na mumewe, Bwana Abdulla Mustafa, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa jaji. Mwaka 1958, akiungwa mkono na TANU, alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa Jimbo la Kaskazini, lililojumuisha Moshi na miteremko yote ya Kilimanjaro upande wetu.

Uchaguzi ule haukufanana na huu tuuzoeao. Aliyeandikishwa sharti awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na kazi ya madaraka. Tena ilimlazimu kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akimwacha mmoja, kura yake yote huharibika. Ulikuwa mpango wa kututenga kwa rangi. Lakini baada ya mabishano makali mjini Tabora, Januari 1958, TANU iliamua kushiriki, na mtego ukamgeukia mtegaji. Mgombea Mwasia hakuweza kushinda kwa kura za Waasia peke yao. Ilimpasa aaminiwe na mwalimu wa Machame na karani wa Moshi.

Bibi Sophia hakungoja uzee ndipo asimulie. Kitabu chake cha kumbukumbu, The Tanganyika Way, kilitoka mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru. Hapo ndipo penye thamani yake. Alipoandika hakujua ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wala ya majumba kutaifishwa mwaka 1971 na Waasia wengi kuondoka. Matumaini ya siku zile yamebaki kama yalivyokuwa, hayakutiwa rangi na yaliyofuata.

Wala hayakuwa matumaini mepesi. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa Bungeni, baadhi ya wajumbe walitaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere alikataa katakata. Kwa Bibi Sophia, aliyekuwa mjumbe, swali lile lilihusu maisha yake mwenyewe.

Mwaka 1989 alihamia Kanada. Huko aliendelea kuandika, na riwaya yake In the Shadow of Kirinyaga ilitoka mwaka 2002. Alifariki mwaka 2005.

Ndugu msomaji, kitabu chake ni jicho moja tu. Mwalimu yule wa Machame naye aliona. Karani yule wa Moshi naye aliona. Waliopiga kura mwaka 1958 sasa ni wachache mno. Iwapo nyumbani kwenu, mjini au mlimani, yupo mzee wa enzi zile, keti naye, muulize, uandike. Daftari la mtoto wa shule latosha.